Kelele za ndege juu ya mtaa wenu: nani hasa ana mamlaka, na uanzie wapi

Ndege ikipita juu ya paa saa 9 usiku na nyumba nzima ikaamka, watu wengi wanapiga simu polisi, kesho yake wanamfuata diwani, wiki inayofuata inaenda barua halmashauri, na miezi inapita ndege ziko vile vile na wao wameshachoka kabisa. Haki wanayo. Tatizo ni kwamba wote hao waliowafuata hawana uwezo kisheria wa kumwambia rubani aliyeko angani kitu chochote, na mara nyingi hawasemi hivyo wazi, wanapokea barua wanaiweka.

Kwa hiyo hapa tunaangalia nani ana mamlaka juu ya nini, alafu unafanyaje. Kwa kifupi kabisa karibu kila nchi imegawa hivi: anga ni la serikali kuu, uwanja ni wa anayeumiliki au kuuendesha, ardhi inayouzunguka iko chini ya halmashauri kwa maana ya mipango miji, na ndege yenyewe kama mashine inaruhusiwa kupiga kelele kiasi gani, hilo linaamuliwa kwa viwango vya kimataifa. Mtu mmoja mwenye mamlaka yote manne hayupo, ndio maana kila ofisi inakusukuma kwa nyingine na kila moja inakuwa imesema ukweli kwa upande wake. Majina ya ofisi yanabadilika nchi na nchi lakini mgawanyo ni huo huo, na mifano ninayoitumia ni ya nchi ambazo mambo haya yameshapiganiwa hadi mwisho na majibu yake yanajulikana.

Hatua ya 1: Jua kelele yenyewe inatoka wapi

Usiandike barua yoyote kabla ya hapa. Kelele ya ndege inayotua, kelele ya ndege inayopaa, kelele ya injini inayopimwa chini kwenye karakana usiku, helikopta inayozunguka, ndege ya jeshi na droni ya jirani ni vitu sita tofauti na vina wenyewe tofauti. Kelele ya injini kupimwa chini, kwa mfano, haina uhusiano wowote na waongoza ndege, ni mambo ya mwendeshaji wa uwanja na mara nyingi ndio rahisi kuliko zote kuzuiwa.

Chukua daftari au fungua jedwali kwenye simu, andika tarehe, saa na dakika, upande ilikotokea na ilikoenda, na ilikukuta unafanya nini. Alafu fungua tovuti au programu ya kufuatilia ndege kama Flightradar24, utaona namba ya safari, aina ya ndege na kimo chake. Hapa kuna kitu kinawaangusha wengi: kimo unachokiona pale kwa kawaida ni cha kutoka usawa wa bahari, kwa hesabu ya presha ya hewa, sio kutoka juu ya paa lako. Kama mtaa wenu uko kwenye mwinuko wa futi 4,000 na programu inaonyesha ndege iko futi 6,000, basi iko kama futi 2,000 tu juu yenu. Ukisahau kutoa huo mwinuko, hesabu yako inaonyesha ndege iko juu kuliko ilivyo, unakuwa umejipunguzia mwenyewe uzito wa malalamiko, na ukikosea upande mwingine wataalamu wa uwanja watakukamata kwenye mkutano mbele ya watu.

Angalia pia upepo. Ndege zinapaa na kutua kuelekea upepo unakotoka, kwa hiyo upepo ukigeuka barabara ya kurukia inatumika upande wa pili na mtaa uliokuwa kimya mwezi mzima unaanza kupitiwa kila dakika chache. Watu wanadhani njia imebadilishwa kumbe ni msimu wa upepo tu. Lakini kuna wakati njia kweli imebadilishwa, na kutofautisha hayo mawili ni muhimu mno kwa sababu njia ikibadilishwa rasmi kuna uamuzi wa kisheria unaoweza kupingwa, na saa ya kuupinga inakuwa imeshaanza kuhesabu. Kwa hiyo rekodi upepo nao, taarifa za hali ya hewa za viwanja zinapatikana bure mtandaoni.

Programu za kupima desibeli kwenye simu sio ushahidi wa mahakamani, simu hazijasahihishwa kitaalamu, ila zinasaidia kuonyesha tofauti kati ya kabla ndege haijafika na ikiwa juu yako. Zitumie hivyo tu.

Hatua ya 2: Elewa kwanini diwani hawezi kuzuia ndege

Hii ndio sehemu ya kukaa nayo kwa sababu ukiielewa, yote yaliyobaki yanakaa sawa.

Mkataba wa Chicago wa 1944, yaani mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, ibara ya 1 kabisa, unasema kila nchi ina mamlaka kamili na ya peke yake juu ya anga lililo juu ya ardhi yake. Nchi. Sio mji, sio wilaya, sio mwenye nyumba. Serikali kuu kwa kawaida inaikabidhi kazi hiyo mamlaka ya usafiri wa anga, ambayo ndiyo inapanga au kuidhinisha njia za angani, vimo na taratibu za kupaa na kutua, na waongoza ndege wanazifuata. Sababu yenyewe ina maana, kwa sababu kama kila halmashauri ingekuwa na saa zake za kufunga anga na kimo chake, ndege ikitoka mji mmoja kwenda mwingine ingevuka sheria ishirini na hakuna ambaye angekuwa salama.

Mahakama Kuu ya Marekani ililisema hili waziwazi mwaka 1973. Mji wa Burbank kule California ulitunga sheria ndogo kuzuia ndege za jeti kupaa kwenye uwanja uliokuwa mali ya kampuni ya Lockheed kuanzia saa 5 usiku hadi saa 1 asubuhi. Ukiisoma kama mkazi unaona ni sheria ya busara kabisa. Mahakama ikaifuta, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ikasema sheria za shirikisho kuhusu anga na kelele zimeshachukua nafasi yote na mji hauwezi kutumia mamlaka yake ya kawaida ya kulinda amani kuingilia safari za ndege. Majaji wanne walipinga, kwa hiyo hata wao wenyewe waliona ugumu wake, lakini sheria ndio hiyo mpaka leo na mji wowote Marekani unaojaribu njia hiyo unagonga ukuta ule ule.

Sasa swali linalofuata kila mara ni hili, ardhi ni yangu, kwanini anga juu yake sio langu? Zamani kulikuwa na kanuni kwamba mwenye ardhi anamiliki mpaka mbinguni. Ikafa rasmi Marekani mwaka 1946 kwenye kesi ya Causby, mfugaji wa kuku kule North Carolina ambaye shamba lake lilikuwa karibu na uwanja uliokuwa unatumiwa na jeshi. Ndege zilikuwa zinapita futi 83 tu juu ya shamba lake, yaani kama mita 25, kuku walikuwa wanaruka kwa woga wanajigonga ukutani wanakufa, wakafa kama 150 na biashara ikafungwa. Mahakama ikasema mambo mawili kwa pamoja: kwamba anga la juu ni njia ya umma na mwenye ardhi halimiliki, lakini ndege zikipita chini hivyo na mara nyingi hivyo kiasi kwamba ardhi haitumiki tena, serikali imechukua mali ya mtu na lazima imlipe. Shika yote mawili kichwani. La kwanza linakuambia huwezi kuzuia, la pili linakuambia kuna mahali fidia inaanza.

Uingereza walikwenda mbali zaidi kwa kuandika kwenye sheria. Sheria ya Usafiri wa Anga ya 1982, kifungu cha 76, inasema huwezi kushtaki kwa kuingiliwa ardhi wala kwa kero kwa sababu tu ndege imepita juu ya mali yako, mradi imepita kwenye kimo cha kuridhisha na imefuata kanuni. Nchi nyingi zina kifungu cha aina hii kwenye sheria zao za anga, kwa hiyo kabla hujamlipa wakili muulize hilo la kwanza kabisa. Na soma yale masharti ya mwisho vizuri, kinga inasimama pale tu ambapo kanuni zimefuatwa, ndio maana hatua ya 4 hapo chini ina uzito sana.

Hatua ya 3: Wapange wenye mamlaka kwa kile wanachoweza kweli

Juu kabisa iko ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga. Hili halipokei malalamiko ya mitaa na haliadhibu mtu. Kazi yake ni viwango, na vya kelele viko kwenye Kiambatisho cha 16 cha Mkataba wa Chicago, vilianza 1971. Kila aina ya ndege inapimwa sehemu tatu, wakati wa kukaribia kutua, wakati wa kupaa, na pembeni mwa barabara ya kurukia, ikifaulu inapata cheti cha kelele. Viwango vinakazwa kadri miaka inavyokwenda, aina mpya za ndege kubwa zilizoombewa cheti kuanzia mwisho wa 2017 zinafuata Sura ya 14 ambayo ni kali kuliko zilizotangulia. Maana yake kwako ni moja, ndege yenye cheti iko ndani ya sheria hata kama wewe hujalala, kwa hiyo hoja ya "ndege hii ina kelele sana" peke yake haikupeleki popote. Hoja zinazosogea ni saa ngapi, njia gani, mara ngapi.

Mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi inaamua njia, vimo, na kama kizuizi cha usiku kinaruhusiwa. Wakati mwingine ni wizara yenyewe. Heathrow kule London, idadi ya ndege za usiku inapangwa na serikali kuu, 5,800 kwa mwaka kwa saa za kuanzia saa 5 na nusu usiku hadi saa 12 asubuhi, halmashauri zinazopitiwa hazina kura pale. Sydney wana sheria ya bunge ya 1995 inayofunga uwanja kwa safari nyingi kuanzia saa 5 usiku hadi saa 12 asubuhi. Umeona, zote mbili zimetoka ngazi ya taifa.

Mwenye uwanja ndiye watu wanamsahau na ndiye mara nyingi mwenye majibu ya haraka. Anaamua saa za kupima injini, ada za kutua ambazo anaweza kuzipandisha kwa ndege za kelele au za usiku pale sheria ya nchi inaporuhusu, vipima kelele viwekwe wapi, na fedha za kuwekea nyumba madirisha ya kuzuia sauti. Marekani mwaka 1962 kwenye kesi ya Griggs, mahakama ilisema kaunti ya Allegheny iliyokuwa inamiliki uwanja wa Pittsburgh ndiyo inapaswa kulipa fidia kwa aliyekuwa anaishi chini ya njia ya ndege, sio mashirika ya ndege wala serikali kuu, kwa sababu ndiyo iliyoamua kujenga uwanja pale bila kununua ardhi ya kutosha. Na kama halmashauri yenu ndiyo inamiliki uwanja, basi mambo yanabadilika kidogo, inakuwa na sauti kama mwenye mali, sauti ambayo isingekuwa nayo kama serikali ya mtaa. Lakini hata hapo kuna mipaka, kule kule Marekani sheria ya bunge ya 1990 imefanya iwe vigumu mno kwa uwanja kuweka kizuizi kipya, vile vya zamani vilivyokuwepo kabla viliachwa, ndio maana uwanja wa John Wayne kule California bado hauruhusu ndege za abiria kupaa kuanzia saa 4 usiku hadi saa 1 asubuhi, Jumapili saa 2.

Halmashauri ina ardhi, na usidharau hilo. Inaweza kukataa shule au hospitali isijengwe chini ya njia ya ndege, inaweza kulazimisha wajenzi waweke kuta na madirisha ya kuzuia sauti, inaweza kulazimisha mnunuzi wa nyumba aambiwe ukweli kabla hajasaini. Na pale uwanja unapohitaji kibali cha ujenzi, halmashauri inaweza kubandika masharti. Mfano mzuri kuliko wote ninaoujua ni London City, uwanja ulio katikati ya makazi, ambao unafungwa saa 24 kuanzia Jumamosi mchana hadi Jumapili mchana, na hilo halikutoka kwenye sheria ya anga, limetoka kwenye masharti ya kibali cha mipango miji. Mwaka 2024 uwanja ulipoomba kuongeza abiria na kuruka Jumamosi jioni, serikali iliruhusu abiria waongezeke lakini ile Jumamosi ikakataliwa. Wakazi wanalala Jumamosi kwa sababu ya karatasi ya kibali cha ujenzi.

Shirika la ndege na rubani wanafuata wanachoambiwa na hao wa juu, kuwaandikia ni kupoteza mda isipokuwa wamevunja utaratibu.

Ndege za jeshi, polisi na forodha ziko nje kabisa, Mkataba wa Chicago ibara ya 3 unasema hauzihusu, kwa hiyo vile viwango vya kelele haviwabani na mamlaka ya anga ya kiraia mara nyingi haina la kuwaambia. Malalamiko yao yanaenda wizara ya ulinzi au kambi husika, na mbunge hapa ana maana kuliko diwani. Helikopta za kiraia mara nyingi zinaruka kwa macho, yaani rubani anajiongoza kwa kuangalia nje, na kwa kawaida hazina njia maalum kama ndege kubwa, ila kanuni ya kimataifa inataka ndege inayoruka kwa macho juu ya makazi ikae angalau mita 300 juu ya kizuizi kirefu kilicho ndani ya mita 600 kutoka ilipo, isipokuwa inapaa, inatua au ina ruhusa maalum. Hiyo namba ikariri, ndio silaha yako kwa helikopta. Droni nazo zikiwa angani ni za mamlaka ya anga, ila pale zinaporushiwa ni ardhi, na mwenye ardhi anaweza kukataza.

Hatua ya 4: Tafuta nyaraka kabla hujaandika

Kila nchi inachapisha kitabu cha taarifa za anga kwa ajili ya marubani, na kila uwanja wa kimataifa una ukurasa wake ndani. Kwenye sehemu ya uwanja tafuta kipengele kilichoandikwa AD 2.21, hicho ndicho kinaeleza taratibu za kupunguza kelele za uwanja huo: barabara ipi itumike usiku, ndege ipae kwa mwelekeo gani mpaka kimo gani ndio ikate kona, injini zisipimwe saa ngapi, kurudisha nguvu ya injini nyuma wakati wa kutua kuepukwe saa zipi. Nchi nyingi wanaweka kitabu hiki mtandaoni bure. Wakazi karibu wote hawajawahi kukisikia na inasikitisha, kwa sababu ukikiweka pembeni ya daftari lako la hatua ya 1 ndio unaona kama ndege za usiku zinafuata utaratibu au zinakata kona mapema kuokoa mafuta. Kuna viwanja kipengele hicho kiko kitupu, na huo nao ni ugunduzi, maana unakuwa umepata ombi lako la kwanza.

Kingine ni ramani za kelele. Umoja wa Ulaya unalazimisha viwanja vyenye miruko (kupaa na kutua) zaidi ya 50,000 kwa mwaka vichorewe ramani kila miaka 5. Kwingine ramani iko ndani ya ripoti ya tathmini ya mazingira, omba kwa maandishi ukitumia sheria ya haki ya kupata taarifa kama nchi yenu inayo.

Ukiipata usikubali kusomewa, isome mwenyewe. Ramani hizi zinatumia wastani wa saa 24 kwa mwaka, kwa hiyo ndege kumi zinazokuamsha zinachanganywa na masaa ya kimya zinaonekana kidogo. Kufidia hilo vipimo vinaongeza adhabu ya desibeli 10 kwa kila ndege ya usiku, maana yake kihesabu ndege moja ya usiku inahesabika kama kumi za mchana, na cha Ulaya kinaongeza 5 kwa jioni. Alafu angalia mstari umechorwa kwenye namba gani. Marekani wanatumia 65 kama kizingiti cha kusema eneo limeathirika. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2018 limependekeza kelele za ndege zisizidi 45 kwa wastani wa siku nzima wa kipimo cha Ulaya, na 40 kwa usiku, kwa sababu za usingizi na afya. Vipimo hivyo viwili havilingani moja kwa moja lakini pengo lake ni kubwa sana, na ukiambiwa nyumba yako "iko nje ya eneo la kelele" uliza mara moja, nje ya mstari wa ngapi?

Hatua ya 5: Andika malalamiko ambayo hayawezi kujibiwa kwa asante tumepokea

Anza na ofisi ya kelele ya uwanja, nakala kwa mamlaka ya usafiri wa anga, nakala ya pili halmashauri ili iwepo kwenye kumbukumbu zao siku uwanja ukija kuomba kibali. Usiandike jinsi ulivyokasirika kurasa tatu. Uliza swali linalodai jibu la ndio au hapana, mfano hivi:

"Tarehe fulani saa 8 na dakika 14 usiku, ndege yenye namba ya safari fulani ilipaa na kukata kona kushoto ikiwa kimo cha takriban futi 1,500 juu ya ardhi. Utaratibu uliochapishwa wa uwanja unataka ndege ziendelee moja kwa moja hadi futi 3,000. Je, ndege hii ilipewa ruhusa ya kutofuata utaratibu, ni nani aliyeitoa na kwa sababu gani? Kama haikupewa, ni hatua gani imechukuliwa?"

Futi hizo ni za mfano tu, weka za uwanja wenu. Barua ya namna hiyo lazima mtu afungue rekodi za rada ili aijibu, na akishafungua kuna karatasi imezaliwa ambayo unaweza kuirudia baadae. Omba namba ya kumbukumbu na uliza watajibu ndani ya siku ngapi. Wasipojibu panda, nchi nyingine zina msuluhishi maalum, Australia kwa mfano wana ombudsman wa kelele za ndege tangu 2010, kwingine ni ombudsman wa kawaida wa serikali.

Na jamani, watu wengi wenye barua chache ni bora kuliko mtu mmoja mwenye barua mia tatu. Viwanja vikitoa ripoti vinapenda kuonyesha kwamba malalamiko mengi yametoka nyumba chache, alafu mtaa mzima unaonekana ni wa watu wawili wasumbufu. Kama jirani yako ni mzee hajui kutumia mtandao, kaa naye umsaidie kujaza yake kwa jina lake.

Hatua ya 6: Dai kitu ambacho anayeombwa anaweza kukitoa

ICAO mwaka 2001 ilikubaliana mpangilio ambao nchi nyingi zinaufuata, na Ulaya wameuweka kwenye kanuni namba 598 ya 2014. Unatazama mambo manne: ndege zenyewe ziwe kimya zaidi, ardhi ipangwe vizuri, taratibu za kuruka zirekebishwe, na vizuizi vya safari visiwe kitu cha kwanza kukimbilia kabla ya kuyapima hayo mengine. Ukija mkutanoni neno lako la kwanza likiwa "fungeni usiku", watakujibu kwa mpangilio huu huu na watakuwa na sheria upande wao. Ukija na orodha inayoonyesha kwamba yale matatu yameshajaribiwa au hayatoshi, na hapa ndio sababu, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

Vitu ambavyo vimeshapatikana sehemu mbalimbali ni kama ndege kushuka mfululizo bila kukaa kimo kimoja huku injini ikiunguruma, kupima injini kuzuiwa usiku, fedha za madirisha, na kupokezana barabara za kurukia. Heathrow wanapokezana barabara ya kutua saa 9 alasiri pale ndege zinapotua kutokea mashariki, kwa hiyo mtaa unajua kabisa nusu siku hii ni yetu ya kupumzika.

Kuhusu kuhamisha njia nina msimamo: ukidai njia isogezwe, sema isogezwe wapi na nani anaishi pale. Kelele haipotei inahamia kwa mwingine, na mara nyingi inahamia kwa wasio na mtu wa kuwaandikia barua. Kaeni na huo mtaa mwingine kabla, hata mamlaka inasikiliza zaidi mitaa miwili ikija na ombi moja kuliko ikija inavutana.

Hatua ya 7: Mahakama, na saa inayohesabu

Kuna kesi za aina tatu na usizichanganye. Ya kwanza ni fidia ya mali, kama Causby na Griggs. Ya pili ni kupinga uamuzi wa serikali, kwamba njia ilibadilishwa bila kufuata sheria au bila kushirikisha watu. Ya tatu ni haki za binadamu.

Hiyo ya pili ina mda mfupi sana. Marekani una siku 60 kupinga amri ya mamlaka ya anga. Mji wa Phoenix ulibadilishiwa njia Septemba 2014, ukakaa unajadiliana na mamlaka iliyokuwa inatoa matumaini ya kurekebisha, ukafungua kesi mwaka uliofuata siku 60 zikiwa zimepita zamani. Agosti 2017 mahakama ya rufaa iliupa ushindi na kuukubalia ucheleweshaji kwa sababu ya hayo mazungumzo, ila hiyo ni huruma ambayo usiitegemee. Siku unayosikia njia imebadilishwa, muone wakili wiki hiyo hiyo na umuulize mwisho ni lini, mazungumzo yaendelee pembeni.

Ya tatu imebadilika taratibu. Mwaka 2003 wakazi wa karibu na Heathrow walishindwa kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya juu ya ndege za usiku, mahakama ikaona serikali ilipima maslahi ya uchumi na ya wakazi kwa haki, ila ikasema wakazi hawakuwa na njia ya kutosha ya kulalamika mahakamani kwao. Machi 2024 mahakama ya The Hague ikasema serikali ya Uholanzi imekiuka haki za watu wanaoishi karibu na Schiphol, uwanja wa Amsterdam, kwa sababu kwa miaka mingi haikupima maslahi yao ipasavyo na haikusimamia sheria zake yenyewe. Tofauti kubwa kati ya hizo mbili ni ushahidi kwamba serikali ilikuwa na kanuni na haikuzitekeleza, ndio maana narudia habari ya nyaraka.

Hatua ya 8: Muwahi uwanja kabla ya upanuzi

Uwanja uliokwisha kujengwa na kupewa vibali ni mgumu kuubana. Uwanja unaoomba barabara mpya ya kurukia au jengo jipya la abiria unahitaji kibali, na anayehitaji kibali anasikiliza. Frankfurt walipojenga barabara yao ya nne, ruhusa ya ndege za usiku ilipingwa mahakamani ikazuiwa Oktoba 2011 siku chache kabla ya barabara kufunguliwa, na Aprili 2012 mahakama ya juu ya utawala ikathibitisha, mpaka leo safari za usiku hazipangwi pale kati ya saa 5 usiku na saa 11 alfajiri. Huo ni mmoja kati ya viwanja vikubwa kabisa vya Ulaya.

Kwa hiyo mtu mmoja kwenye kundi lenu apewe kazi ya kufuatilia matangazo ya mipango miji na ya tathmini za mazingira kila mwezi, kwa sababu dirisha la kutoa maoni linaweza kuwa wiki chache tu. Likifunguka peleka maoni kwa maandishi hata kama kuna mkutano wa hadhara, maneno ya mkutanoni yanapotea. Na masharti mnayoyaomba yawe na namba: miruko mingapi kwa usiku na usiku unaanza saa ngapi, injini zipimwe wapi na mwisho saa ngapi, vipima kelele vingapi na takwimu zake zitolewe hadharani kila baada ya mda gani, nyumba zipi zinawekewa madirisha na kabla ya tarehe ipi, faini ni kiasi gani kwa kila ukiukaji, nani anaikusanya na inaingia kwenye mfuko gani.